Skuta Nyeupe ya Peris

Zawadi ya baba hairudishwi. Haiuzwi, haibadilishwi, haipunguzwi kitu wala kuongezwa, maadamu aliyeitoa yu hai. Na yeyote aivunjaye sheria hii, awe mpaji au mpokeaji, hutoa beberu asiye na kilema mbele ya wazee wa ukoo. Kila mtoto wa nyumba yetu huijua kabla hajajua kusoma. Husimuliwa kwamba babu mmoja alimpa mwanawe jembe, mwana akalibadilisha kwa tumbaku, na msimu ule watu wakalima kwa vijiti. Kama kisa hicho kilitukia au hakikutukia, si neno. Sheria ilibaki, nasi tuliishika.

Hakuna aliyeishika kwa ukali kumpita Mwalimu Crispus. Alifundisha miaka mingi katika shule za misheni huko milimani, kisha akastaafu na kujenga ukingoni mwa Voi, upande unaoutazama mlima wa Sagalla. Yeye ni mzee wa kanisa. Nyumbani kwake chai hainywewi kabla ya sala, na mgeni achelewaye hukuta sala imekwisha na chai nayo imekwisha. Baba yake alipokuwa bado hai, mdogo wake Samuel aliuza redio aliyopewa na mzee huyo, akanunua nyingine iliyoshika stesheni vizuri zaidi. Aliyemshtaki Samuel kwa wazee ni Crispus, ndugu wa tumbo moja. Samuel akatoa beberu, na tangu hapo hajamsamehe kaka yake ila kwa mzaha.

Kitinda mimba wa Mwalimu ni Peris, mkunga katika zahanati moja upande wa Marungu, mbele ya mji mdogo wa Maungu. Wanawake wa kule waliisifu mikono yake. Walisema kwamba mtoto akikaa vibaya tumboni, Peris humpapasa mama na kumgeuza mtoto taratibu, kama mpishi anayegeuza chapati laini asiitoboe. Lakini mikono hiyo ilikuwa ikilala Voi, na kila asubuhi ilibidi imngoje mwendesha bodaboda aliyekuja apendapo. Mtoto anayezaliwa hamngoji mtu. Mara moja Peris alifika akakuta mama amejifungulia kwenye benchi la nje, na siku hiyo alirudi nyumbani asile.

"Nitakununulia chombo chako mwenyewe," baba yake akamwambia.

"Baba, mshahara ninao. Naweza kununua."

"Binti yangu hanunui chombo cha safari nami ninapumua."

Kwa hiyo ikawa zawadi, na ilipokwisha kuwa zawadi, ikawa chini ya sheria.

Pikipiki ya kawaida haikutajwa kabisa. Mwalimu hakuweza kuvumilia kumwona mkunga aliyevaa sare akirusha mguu juu ya tangi la mafuta. Wakakubaliana juu ya skuta ya kiasi, si ndogo kama zile za kuchezea mjini, wala si kubwa ya kumshinda mtu mmoja kuisukuma. Skuta haina klachi, na ina sakafu ya kuwekea miguu. Mtu huikalia kama akaliavyo kiti. Juu ya hayo baba na binti hawakuwa na neno. Neno lilikuwa upepo.

Anayeijua barabara ya kutoka Voi kwenda Maungu anaujua upepo huo. Miezi ya baridi inapoingia, huvuma kutoka nyika ya Kasigau, haukuti mlima wala msitu wa kuuzuia, ukaipiga barabara kuu ubavuni mchana kutwa. Malori hupita humo mfululizo. Lori likikupita, upepo hukatika ghafula; likishakupita, hurudi kama mlango uliosukumwa na mtu mwenye hasira.

Siku ya kuchagua walikwenda wote wawili kwenye duka la Okoth, karibu na stesheni ya zamani. Okoth alizaliwa Voi, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli aliyetoka magharibi, na ulimi wake haukuwahi kukosa kazi.

"Karibu Mwalimu, karibu Sista! Hapa hatuuzi chuma, tunauza usingizi wa wazazi."

"Uza chuma," Mwalimu akamjibu. "Usingizi ninao."

Skuta mbili ndizo zilizofaa. Moja ilikuwa ya kijivu, nzito, iliyokaa chini, magurudumu yake mapana na makubwa kuliko ya wenzake. Haikuwa na urembo. Okoth mwenyewe aliiita kiboko. Ya pili ilikuwa nyeupe pe, nyepesi, yenye kioo kirefu cha mbele kilichofika usawa wa uso, na nyuma ya kiti sanduku la kufungwa kwa ufunguo. Mwalimu alikigonga kioo kwa kidole kilichopinda, kama agongaye mlango wa ofisi.

Peris akaomba kuzijaribu. Ilikuwa adhuhuri na vumbi lilikuwa likikimbia barabarani. Akaenda na nyeupe hadi palipo wazi nje ya mji, akarudi; akaenda na kijivu, akarudi. Alipovua helmeti macho yake yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa umekata shauri.

"Ni hii ya kijivu, Baba."

"Toa sababu."

"Nyeupe ni nyepesi mno. Kile kioo kinashika upepo kama mwavuli, na lile sanduku linavutwa upande wake. Nikiinyoosha mbele, nyuma inaondoka. Hii ya kijivu upepo ukiigonga inasogea kidogo, halafu inarudi yenyewe."

"Na hayo yote umeyapima kwa dakika ngapi?"

"Nimeyapima kwa upepo, Baba, si kwa dakika."

Okoth alicheka, akaona uso wa Mwalimu, akaacha kucheka. "Mimi sina upande hapo," akasema. "Zote ni watoto wangu."

"Tutarudi," akasema Mwalimu.

Kesho yake Peris akaenda kazini, na baba yake akarudi dukani peke yake. Akanunua nyeupe.

Ni haki tumpe Mwalimu lililo lake. Hakufanya hivyo kwa ukaidi mtupu. Alikifikiria kioo, ambacho kingezuia vumbi lisimchafue binti yake kabla ya kuwashika watoto wachanga; alilifikiria sanduku, ambamo vifaa vya ukunga vingekaa salama; aliufikiria wepesi, kwamba skuta ikianguka Peris angeiinua bila kumwita mwanamume wa njiani. Kila sababu yake ilikuwa ya upendo, na hakuna hata moja iliyokuwa ya upepo.

Skuta ilikabidhiwa uani siku ya Jumapili, imefunikwa leso mpya. Mwalimu aliomba sala ndefu ya kuwalinda wasafiri wa nchi kavu, kisha akaivuta leso. Majirani wakapiga makofi. Peris akakitazama kioo kile, akamtazama baba yake, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa.

"Asante, Baba."

Jikoni, mama yake, Hannah, akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Mtoto ana kitu kooni."

"Ni furaha."

"Nimemzaa mimi. Furaha yake naijua sura. Zamani zile tungempa maji akatasa."

Kutasa ni desturi ya watu wa milima yetu. Aliyemkasirikia ndugu yake hutia maji mdomoni, akayapuliza nje, akalitaja lililomuudhi na kuliaga, ili hasira isikae ndani ikaja kumdhuru mtu wa nyumba. Mwalimu aliipinga desturi hiyo katika mahubiri yake miaka na miaka. Alisema hasira ya Mkristo hupelekwa kwa Mungu kwa magoti, haitemwi uani kama maganda ya muwa.

"Katika nyumba hii," akamjibu mkewe, "maji ni ya kunywa."

Wiki za kwanza Peris alifika kazini mapema, na Mwalimu alilitaja jambo hilo kila alipokutana na mtu. Hakutaja kwamba jioni binti yake alikuwa akikanda mabega kwa maji ya moto. Upepo ulipoanza kukaza, Mwalimu aliona sanduku halipo.

"Sanduku liko wapi?"

"Nimelifungua, Baba. Linashika upepo. Vifaa nabeba mgongoni."

"Umeipunguza."

"Nimeliweka vizuri chumbani, halijapotea."

"Sikuuliza limewekwa wapi. Sheria unaijua. Mbuzi uliyepewa na mkia wake humkati mkia."

"Basi nikuombe moja," Peris akasema, na hapo sauti yake ilikuwa ya mtoto kabisa. "Kioo. Okoth anasema ni skrubu tu. Wewe ndiye uliyetoa. Ukisema kitoke, kitakuwa kimetoka kwa neno lako."

Mwalimu akakitazama kioo. Huenda alikuwa karibu kukubali. Lakini Samuel alikuwa amekaa barazani na kikombe cha chai, akayasikia yote, akasema kwa utani wake, "Kaka, hata redio yangu ilikuwa na skrubu."

Basi Mwalimu akakataa. Asingeweza kusikia jina la redio ile na kulegeza sheria hiyo hiyo kwa binti yake. Kesho yake sanduku lilirudishwa mahali pake. Mwalimu alilifunga kwa mikono yake mwenyewe, akaijaribu kila nati.

Peris alianguka katika upepo wa Agosti, kabla ya kufika Maungu. Jinsi mambo yalivyokuwa inajulikana, kwa maana dereva wa pikapu ya mahindi alikuwa nyuma yake na ndiye aliyemwokota. Peris alikuwa akienda polepole, ameilaza skuta kidogo upande wa upepo kama alivyozoea. Lori la makontena likampita. Upepo ukakatika, akayumba kuelekea lori. Akajirekebisha, akainyoosha skuta. Lori likaondoka ubavuni, upepo ukarudi wote kwa mara moja, ukakishika kile kioo. Dereva alisema ilikuwa kama kumwona mtu akishikwa bega na kutolewa nje ya nyumba. Skuta iliingia changarawe ya kando ya lami ikalala, na mkono wa kushoto wa Peris ulikuwa chini yake.

Hospitalini waliuunga na kuufunga plasta. Daktari hakuficha. Mfupa ungeshika, alisema, ila kifundo cha mkono kisingekunjika tena kama zamani. Hannah akauliza kama angeweza kufanya kazi. Daktari akauliza ni kazi gani. Alipoambiwa, alikawia kidogo kujibu, na jibu lake halikuhitajika tena.

Plasta ilipotolewa, Peris aliingia jikoni asubuhi moja kumsaidia mama yake. Mwalimu alikuwa mlangoni akingoja chai. Akamwona binti yake akiunyoosha mkono wa kushoto juu ya kikaango, akiishika chapati pembeni kwa ncha za vidole aigeuze. Kifundo hakikufuata. Chapati ikakunjika, ikachanika katikati. Peris akaitazama. Akaisogeza nusu moja karibu na nyingine, kana kwamba zingeungana, kisha akazima jiko.

"Peris," baba yake akasema, "kwa nini hukuniambia kwamba ni hatari?"

"Nilikuambia, Baba. Dukani."

Hakulisema kwa ukali. Ingekuwa afadhali kama angelisema kwa ukali.

Zahanatini walimpokea kwa heshima, wakampa kazi ya dirishani, kuwaandikisha akina mama wanaofika. Wengine walikuwa wakija wakiuliza, "Sista Peris yuko wapi?" naye akawajibu kwamba ndiye huyo, na kuwaelekeza chumba cha pili. Alirudi kwenye kungoja bodaboda. Nyumbani hakununa wala kulalamika. Alimwamkia baba yake kila asubuhi kwa adabu ile ile. Mwalimu, aliyezoea kuyasahihisha makosa ya watu, alikosa mahali pa kutia kalamu.

Siku moja akaisukuma skuta nyeupe, iliyokwisha kutengenezwa, mpaka kwa Okoth.

"Chukua hii," akasema. "Nipe ile ya kijivu. Kilichopungua nitakitimiza."

Okoth akamtazama. "Mwalimu, nimezaliwa hapa hapa. Kwenu zawadi si hairudi?"

"Hairudi."

"Na bado…"

"Kiboko chako kipo au hakipo?"

Okoth aliitoa nje, akaipangusa vumbi kwa kitambaa, na siku ile hakufanya mzaha mwingine.

Jumatatu asubuhi Peris aliikuta uani. Hakuuliza lolote. Aliushika mshikio, akaujaribu mkono wa kushoto kwenye breki, ukatosha. Mwalimu akafuata kwa miguu mpaka ukingo wa barabara kuu, mahali ambapo mtu huona mbali. Upepo ulikuwa mkali. Mashuka yaliyoanikwa kwa jirani yalikuwa yamesimama hewani. Malori mawili yakampita Peris. Skuta ya kijivu ilisogea kidogo, ikarudi. Ilikwenda imenyooka kama mstari wa rula, mpaka ikawa nukta. Mwalimu aliendelea kusimama pale baada ya nukta kutoweka. Aliporudi alijifungia chumbani, na mkewe akamsikia akitembea, huku na huku. Mchana akatoka, akatuma watu watuite sisi wazee tukutane Jumamosi.

Tulipokusanyika uani, beberu alikuwa amekwisha kufungwa kwenye nguzo ya baraza. Alikuwa mweusi, wa pembe nzuri, bora wa zizi lake. Samuel ndiye aliyeanza.

"Mshtaki ni nani?"

"Ni mimi," akasema Mwalimu.

"Mshtakiwa?"

"Ni mimi."

"Basi kaka, usiwe shahidi pia, tutalala hapa." Watu wakacheka, na Samuel akaendelea, "Redio yangu ilikuwa inakoroma tu, ukanila beberu mzima. Wewe umebadilisha pikipiki!"

"Skuta," akasema Mwalimu.

"Skuta. Samahani, Mwalimu."

Mwalimu akasimama, akaeleza kosa lake kwa utaratibu kama asomaye somo kanisani. Alitoa zawadi, akairudisha dukani, akaibadilisha. Hakutaka huruma. Mmoja wetu akasema kwamba mpaji aliyefanya hivyo ili kumfaa mpokeaji labda asitozwe. Mwalimu akamkatiza.

"Sikuivunja sheria nilipobadilisha skuta ili nije nisamehewe. Kosa langu ni kwamba nimechelewa kuivunja. Ningeivunja siku ya sanduku, au siku ya kioo, ningetoa beberu huyu huyu na mkono ungekuwa mzima. Nitozeni."

Hakuna aliyecheka tena. Hapo Hannah akatoka ndani na kikombe cha maji, akasimama katikati ya uwanja, asimpe mtu. Alimtazama mumewe. Sote tulimtazama, maana tulikuwa tumeyasikia mahubiri yake, na wengine wetu tuliitikia amina.

"Mpe Peris," akasema Mwalimu. Akaketi, akavua kofia na kuiweka magotini.

Peris akapokea kikombe kwa mkono wa kuume. Akapiga funda, akalipuliza chini mbele ya miguu yake.

"Niliudhika dukani, uliponiuliza nimepima kwa dakika ngapi. Neno hilo na liende."

Akapiga funda la pili, akalipuliza.

"Niliudhika ulipolirudisha sanduku, ukaikaza kila nati huku nakuangalia. Nalo na liende."

Akapiga funda la tatu. Tuliona mashavu yakijaa. Akautazama mkono wake wa kushoto, ambao alikuwa ameushikilia kifuani kama mtu abebaye kitu cha mwingine. Upepo uliirusha leso ya mama yake. Kisha tukaona koo lake likienda juu na chini. Maji yale aliyameza.

"La mkono bado, Baba," akasema. "Nikiliaga leo, nitakuwa nimesema uongo mbele ya wazee."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. "Usiseme uongo," akasema. "Nitangoja."

Akainuka, akaenda kwenye nguzo, akafungua fundo la kamba. Lilikuwa limekaza na vidole vyake vilichukua muda. Samuel alitaka kumsaidia, akamkataza. Beberu akavutwa mpaka katikati ya uwanja, na Mwalimu akaitia kamba mkononi mwa mdogo wake. Samuel alifungua kinywa, kama mwenye mzaha mmoja aliouweka tangu zamani kwa siku hiyo. Akakifumba.

"Imepokewa, kaka," akasema.